Mbawala wa Ghorofa ya Sita

Habari za kifo cha Papa Ilunga zilinikuta kitandani, saa nne asubuhi, na sikuwa mgonjwa. Siku isiyo na mzigo wa kupokea huwa sitoki kitandani mpaka njaa inifukuze, na watu wa jengo letu hapa Sanyuanli, Guangzhou, wanalijua hilo, kiasi kwamba kijana anayeleta vyakula vya kuagiza haulizi tena ni mlango upi. Binti wa marehemu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Kalemie, Congo. Alisema baba amepumzika, wamemzika kilimani, na kwamba mpaka wiki yake ya mwisho alikuwa akiwasimulia wajukuu habari za msichana wa Kitanzania ambaye yeye alimfundisha kuwinda ndani ya jiko, huko Uchina. Wajukuu hawakumwamini. Hata mimi ningekuwa mjukuu wake nisingemwamini, maana mbawala wa mzee huyo alinenepa kila aliposimuliwa. Lakini hiyo ya msichana ni kweli. Msichana nilikuwa mimi, nina miaka ishirini na moja, na kwa miezi kadhaa ya mwaka ule niliwinda kwa miguu, taratibu, kuanzia kwenye sinki mpaka mlango wa choo na kurudi.

Nilikotoka na nani alinizaa tuyaache; walinizaa wakafanya walivyoweza, nikamaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hata mwalimu alizisoma kwa sauti ya chini. Mama Shani, mama wa Kitanzania aliyekuwa akinunua nguo Guangzhou na kuzipeleka nyumbani, alikuwa anatafuta mpishi, akanichukua. Alipanga nyumba ghorofa ya sita, jengo halina lifti, na sebule yake aliigeuza mgahawa usio na kibao. Ilibidi mtu akuelekeze ndipo uufikie. Wacongo waliotoka kununua nguo Zhanqian Road walipanda zile ngazi na mabegi yao wakihema kama mabata, wanafunzi wa Kitanzania na Kikenya walikuja siku za mapumziko, na wote walikaa kwenye meza mbili zilizofunikwa mpira wenye michoro ya ndimu, wakala ugali, maharage, samaki wa kukaanga, na mboga ya Kichina niliyoikatakata mpaka ikasahau kwao. Unga ulikuja kwenye mabegi ya wasafiri. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Godoro langu jembamba mchana lilisimama ukutani karibu na jokofu, jioni nikalilaza sakafuni, na asubuhi likainuka likinuka vitunguu. Dirisha lilikuwa na nondo, likitazama uchochoro ambao nguo za majirani zilining'inia juu yake, kwa hiyo mbingu niliiona kupitia suruali za watu.

Viza yangu ilikuwa ya mwezi mmoja. Mama Shani alisema kuna wakala wake atanishughulikia, nisiwe na wasiwasi, na mimi kwa kutokuwa na wasiwasi nina kipaji. Mwezi ukaisha. Wakala akawa yuko njiani, kisha akawa amesafiri, kisha akawa anasubiri ofisi zitulie. Pasi yangu nilikuwa nayo mwenyewe, chini ya gunia la mchele, na mlango ulikuwa na kitasa ambacho mtoto angekifungua. Hakuna aliyenifunga. Ila kule chini, kwenye mdomo wa metro na juu ya daraja la waenda kwa miguu, askari walisimama wakikagua pasi za watu wa rangi yetu, na kila mteja aliingia na habari yake: leo wako wanne, leo wameshuka na gari, fulani kachukuliwa akiwa na mkate mkononi. Mwingine angeona kifungo tangu siku ya kwanza. Mimi, Mungu anisamehe, miezi ya mwanzo niliona ni bahati. Nani mwingine anaajiriwa ili asitoke nje? Nilikuwa mtu wa ndani tangu utotoni, mvua ikinyesha siku ya gwaride nilikuwa nafurahi peke yangu. Lakini kuna tofauti kati ya kutotoka na kutoweza kutoka, na tofauti hiyo haikuambii inakuja. Siku moja nilitamani tu kwenda kuchagua nyanya kwa mkono wangu. Nikafika mlangoni, nikasikia hatua za mtu ngazini, nikarudi jikoni jasho likinitiririka. Tangu siku hiyo lile jiko lilianza kupungua. Sasa hivi viza yangu ni halali na natoka nikitaka, yaani sitoki. Lakini mtu asije akaniambia ni jambo lile lile.

Papa Ilunga aliingia kwenye maisha yangu mgongoni mwa mpagazi wa Kichina. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Kalemie, mtu wa miaka hamsini na kitu, amesoma kwa mapadri na Kifaransa chake kimepigwa pasi, na alikuwa ameanguka kutoka kwenye pikipiki ya mizigo pale Zhanqian Road, akavunjika mguu juu ya kifundo. Hospitali wakaufunga kwa plasta mpaka gotini. Hoteli ikamchosha, naye Mama Shani akamkodishia chumba cha nyuma. Alipopandishwa ghorofa ya sita alijua, na sisi tulijua, kwamba kushuka hakupo mpaka mfupa uunge. Kiti chake kiliwekwa kwenye mlango wa jiko, kwa sababu feni iliyofanya kazi ilikuwa moja na iliishia pale. Ndivyo tulivyokutana: mimi nina miguu miwili mizima na sina pa kuipeleka, yeye ana kutembea kwingi moyoni na mguu mmoja wa chokaa.

Siku ya kwanza hakunisalimu. Alisikiliza kandambili zangu kwenye vigae toka asubuhi mpaka mchana, kisha akasema, "Maman Dija."

Kwao hata msichana mdogo anaitwa maman. Nilijisikia mzee ghafla. "Bee, Papa."

"Weye unatembea ao unatwanga sombe?"

Sombe kwao ni kisamvu. "Natembea, Papa. Ndio mwendo wangu."

"Mbawala wa Marungu wote wameisha kukimbia. Wamefika Zambia."

Marungu ni milima iliyo kusini ya kwao, na huko ndiko alikowinda na baba yake kabla biashara haijamchukua. Nilimuuliza, kwa kumchokoza, kama alikuwa na mbwa wangapi. Ningemtukana padri wake asingekunja uso vile. Watu wa mbwa, alisema, wanapiga kelele, nyama inakimbia, nao wanakimbia nyuma yake; ile haiko kuwinda, ile ni fujo. Baba yake alimfundisha ya miguu. "Unatembea kidogo, unasimama mingi. Doucement, polepole. Ukisimama, simama karibu na mti, hapana katikati kama mlingoti wa bendera. Upepo ukuguse usoni. Ukikugusa shingoni, rudi nyumbani, kula." Na usimtafute mbawala, alisema, kwa sababu mbawala mzima haonekani kamwe. Unatafuta sikio. Unatafuta mstari unaolala, maana porini miti yote imesimama, na mgongo wa mnyama ndio kitu pekee kilicholala. Akiwa anakula, kichwa chini, unasogea. Kabla ya kuinua kichwa hutikisa mkia, na ukiuona mkia unaganda hapo hapo, hata kama mguu mmoja uko hewani na siafu wameupanda ule wa pili.

Hadithi ya siafu ndiyo iliyokuwa hadithi yake kuu, na wateja waliidai kama kitoweo. Alikuwa kijana, nyumbani hakuna nyama, baba ana homa, akapewa bunduki ya risasi moja. Akamfuata dume mmoja toka umande haujakauka mpaka kivuli kikawa chini ya miguu, hatua kwa hatua, mpaka akamfikia karibu kiasi cha kusikia meno yakisaga majani. Hapo mkia ukatikisika. Yeye mguu mmoja uko juu. Dume akainua kichwa akamtazama moja kwa moja, na siafu wakaanza safari kwenye ule mguu uliokuwa chini. "Nyama ikikuangalia," alisema, na hapo hata waliokuwa wakigombea kichwa cha samaki walikiacha, "haijakuona bado. Inakuuliza. Ukisogea, umeijibu."

"Na pembe zake zilikuwa kiasi gani leo, Papa?" aliuliza Otieno, mwanafunzi wa Kikenya aliyesoma kwa ufadhili na kula kwa mkopo. "Jumamosi iliyopita zilifika kwa kiwiko. Nashuku saa hii zinagonga dari."

"Weye kula maharage."

"Mi nakula. Nauliza tu kama huyo mbawala angepita kwa mlango."

Mwisho wa hadithi ulibadilika kulingana na waliokuwepo. Mbele ya wafanyabiashara wenzake alimpiga risasi na kijiji kikala. Mbele ya wanafunzi alikohoa, na mnyama akapotea kama pesa ya mshahara. Niliwahi kumuuliza, tukiwa wawili nikichambua mchele, ipi ni ya kweli. Akasema ya kweli haina utamu: siafu walifika mapajani, akalia, dume likaenda zake bila haraka, na yeye akarudi nyumbani akiwa amevimba mguu, baba yake akacheka mpaka homa ikapungua. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Mafunzo yalianza kama mchezo, na chanzo kilikuwa sukari. Mama Shani aliamini kisukari cha wageni wake kitakuja kumletea kesi, kwa hiyo mkebe wa sukari ulikaa kwenye meza ndogo kando ya kochi lake, na yeye baada ya chakula cha mchana alilala kwenye kochi hilo, simu kifuani. Papa Ilunga bila vijiko vitatu hakuiita chai. "Voilà," aliniambia siku moja kwa kunong'ona, akielekeza kidevu sebuleni, "mbawala yetu njo ile." Nikavua kandambili. Akanifundisha kuweka ukingo wa nje wa wayo kwanza, kisha kuulaza mguu wote kama unafunika mtoto, na kutohamisha uzito mpaka sakafu ikubali. Mguu, alisema, haiko nyundo. Siku za kwanza sikufika hata kwenye pazia. Magoti yangu yalilia kama bawaba. Baadaye nikaanza kumjua mnyama wangu. Mama Shani hakuwa na mkia, ila kabla ya kuamka kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilijikunja. Nikikiona naganda. Mara moja nilikuwa katikati ya sebule, mkono mmoja mbele kama anayeomba lifti, kidole kikajikunja, akafungua macho akanitazama. Sikupumua. Alikuwa ananiuliza. Sikumjibu. Akafumba macho, akageukia upande wa pili, na Papa Ilunga kule jikoni akaziba mdomo kwa kitambaa cha sahani. Nilirudi na sukari nikihisi kwamba hakuna msichana wa umri wangu Guangzhou nzima aliyefanya jambo kubwa zaidi siku hiyo. Huo ndio ulikuwa upeo wa ulimwengu wangu, na nilikuwa nauona ni mpana.

Sasa nikikumbuka, naona kwamba alikuwa akinitumia kama miguu yake. Mchana nikisogea yeye kitini alisogea pia, nilimwona mabega yakiinama kidogo kukwepa tawi ambalo halikuwepo. Na mimi nilipata kitu ambacho jiko halikunipa: sababu ya kufika upande wa pili wa chumba. Lakini kuwinda kwa namna ile kuna hasara yake, ambayo yeye hakunionya. Ukinyamaza sana unasikia mambo.

Ilikuwa kipindi cha joto, feni inavuma, niko nyuma ya kochi, mkebe uko mkononi tayari, ndipo simu ya Mama Shani ikaita. Sikuona kidole, kwa kuwa nilikuwa upande wa kichwa. Nikaganda. Akaipokea bila kugeuka, sauti bado ina usingizi, na kwa mazungumzo nilielewa ni rafiki yake aliyekimbiwa na mpishi.

"Pole shoga. Mimi huyu wangu hanisumbui," alisema. "Ataenda wapi? Hana viza." Akasikiliza. "Nani, wakala? Ah, huyo nilishaachana naye zamani. Nimtengenezee karatasi ili iweje? Wenye karatasi ndio wanaotoroka." Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anayeelezea namna nzuri ya kuhifadhi nyanya. "Na mwenyewe anapenda kukaa ndani. Tumefaana."

Nilisimama pale muda ambao hata baba yake Papa Ilunga angeupigia makofi. Kilichoniuma zaidi si la wakala. Ni hilo la mwisho, kwa sababu lilikuwa kweli. Kama angenifunga kwa mnyororo ningekuwa na cha kulalamikia. Alichofanya ni kunijua tabia.

Nilimpelekea Papa chai. Akaionja, akaitazama, akaniuliza kwa nini imetiwa vijiko vitano. Nikamweleza yote. Hakusema pole. Aliuliza, "Unataka kutoka?" Nikasema ndiyo, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Akasema basi ya sukari imekwisha, sasa tutawinda mlango.

Otieno ndiye aliyetueleza hali ilivyo. Alikuja jioni moja kula, nikamvuta jikoni. "Sikiza, sista," alisema, akipekua sufuria huku anazungumza. "Wakikupata kwa barabara, umekwisha. Watakuweka ndani, halafu wakufukuze, na kurudi huku usahau. Lakini ukijipeleka mwenyewe kwa ofisi yao ya uhamiaji, kabla wakushike, hiyo ni mambo ingine. Utalipishwa, utaulizwa maswali, labda wakulaze ndani siku kidogo, kisha wanakupa karatasi ya kwenda nyumbani. Kama watu." Akanifundisha maneno ya kuwaambia, wo ziji lai de, nimekuja mwenyewe, na akanifanya niyarudie mpaka nikaacha kuyasema kama ninauliza bei. Ofisi haikuwa mbali sana, zaidi ya nusu saa ya mguu. Metro ilikuwa nje ya hesabu kwa sababu ya wale wa mlangoni. Lililobaki ni daraja, na daraja lilikuwa na askari karibu kila siku. Kwa hiyo mambo yote yalikuwa katika hiyo nusu saa: nikifika ofisini kabla hawajanifikia, nitaondoka kwa heshima na naweza kurudi; wakinitangulia, basi.

Jaribio la kwanza nililifanya asubuhi, Mama Shani akiwa ametoka. Nikashuka ngazi zote sita, jambo ambalo peke yake lilistahili medali, nikatokeza uchochoroni, na nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikatembea kidogo, nikasimama mingi. Nikasimama kando ya nguzo. Nikatafuta upepo. Nikatafuta mstari unaolala kati ya vitu vilivyosimama, na kwa kuwa ule uchochoro ulikuwa na marobota ya nguo kila mahali, mistari inayolala ilikuwa mia. Nikaweka ukingo wa nje wa wayo. Bibi muuza mboga akaacha kupanga mchicha wake akanitazama. Nikaganda. Naye akamwita mwenzake. Mlinzi wa jengo la jirani, aliyekuwa anachokonoa meno, akaacha meno. Wapita njia ambao wangenipita bila habari wakaanza kunizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe, na kila mmoja akigeuka kuona hilo jiwe linafanya nini. Mlinzi akaja akiniuliza kitu kwa sauti ya juu. Mbawala angekimbia kwa madaha. Mimi nilipanda ghorofa sita kwa magoti na viganja.

Papa Ilunga alicheka mpaka akalazimika kushika plasta yake isigonge kiti. Kisha akajifuta macho, na nikaona kitu kimemsikitisha. "Mi nimekufundisha pori yangu," alisema. "Hii haiko pori yangu. Kule kwetu vyote vinasimama, na anayetembea njo anaonekana. Huku vyote vinakimbia." Akaniambia nisogeze kiti chake dirishani. Hakuwahi kukiomba hapo. Nadhani alikuwa hataki kuona mitaa asiyoweza kuikanyaga. Kwa siku kadhaa tukakaa kwenye zile nondo, mimi namenya vitunguu, yeye anaangalia, tukijifunza lile pori kama tumelikuta jana. Tuliwaona walinzi wanamtazama nani na wanampita nani. Kijana nadhifu mikono mitupu, wanamsimamisha. Mama anayetembea polepole akisoma mabango, wanamtazama. Lakini wapo waliopita chini ya pua zao bila hata kugeuziwa jicho, weusi kwa Wachina, wanaume kwa wanawake, nao ni wale waliobeba. Mtu mwenye robota begani, jasho shingoni, anayesukuma watu na kulaani njia, huyo hana uso. Ni robota lenye miguu.

"Njo ile," alisema Papa Ilunga. "Mti wa huku njo mzigo."

Nikatafuta mzigo. Ndani ya ile nyumba hakukuwa na kitu kikubwa cha kutosha ambacho ningeweza kukibeba nusu saa bila kufa, isipokuwa kimoja. Tukalikunja godoro langu, ndani yake tukaweka blanketi, mto na nguo zangu chache, tukalitia kwenye gunia jeupe la nailoni la wasafirishaji, na Papa kitini akalizungushia utepe wa gundi wa manjano kwa ustadi wa mtu aliyefunga mizigo maisha yake yote. Lilitoka robota halisi, wasafirishaji wangelipokea bila swali. Nikavaa aproni juu ya suruali, nikachukua pasi chini ya mchele. Nilitaka kumuaga. Kwao mwindaji haagwi, ukimuaga umemtangazia nyama, kwa hiyo nilipogeuka mlangoni nilikuta amenipa kisogo, anachungulia sufuria.

"Maharage yako yanaungua," alisema.

"Yaungue, Papa."

"Jana pia yaliungua. Sikusema, heshima tu."

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho ana kwa ana. Nikashuka.

Nilipita kwa bibi wa mboga nikiwa nusu mbio, hakuinua kichwa. Nilipiga kelele ya wapagazi, rang yi rang, nipisheni, na kwa mara ya kwanza maishani watu wakanipisha. Robota lilikuwa jepesi, ila nililibeba kama lina vyuma, na nikagundua kwamba kujifanya umechoka huku unaogopa hakuhitaji kipaji. Kwenye daraja walikuwepo, watatu. Ningepita. Ila mikokoteni miwili ilikuwa imeng'ang'aniana katikati, wenyewe wanatukanana, na umati wote ukasimama, mimi nikasimama nao, hatua chache kutoka kwa askari kijana mwenye miwani. Akanitazama. Uso wangu, aproni, viatu, uso tena. Nilihisi mwili wote unataka kuganda, kama nilivyofundishwa, na nikajua kwamba nikiganda nimemjibu. Nikawasonya wenye mikokoteni. Nikasonya msonyo mrefu wa uswahilini, wa mtu anayecheleweshwa na wajinga, nikahamisha robota bega la pili na kumgonga mzee aliyekuwa nyuma, naye akanitukana kama raia mwenzake. Askari akageukia kwingine. "Huzhao," nikasikia, pasi, na aliyesimamishwa alikuwa kijana wa Kicongo mwenye viatu safi ambaye siku mbili nyuma alikula samaki kwangu. Alikuwa na pasi, alikuwa na viza, akazitoa kwa fahari. Macho yake yalinipitia. Ama hakunijua bila pazia, ama alinijua akafanya kama mti. Mikokoteni ikaachana.

Kwenye lango la ofisi mlinzi alitaka robota lipite kwenye mashine, likagoma, likakwama mdomoni. Akachukua kisu akakata utepe, na godoro lililokuwa limebanwa likajifungua kwa nguvu zote lilizokuwa nazo, likamwagika kwenye sakafu ile inayong'aa pamoja na blanketi, sidiria mbili na mto wenye maua. "Wo ziji lai de," nilisema. Mlinzi akautazama mto, akanitazama mimi, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba hajawahi kuona mtu aliyekuja mwenyewe kwa kiwango kile. Afisa wa dirishani, mwanamke wa rika la Mama Shani, alichukua pasi yangu, akaifungua, akainua nyusi kwa ile tarehe. Kisha akanirudishia. Akaonyesha saa ya ukutani, ilikuwa adhuhuri, akaweka viganja viwili kando ya shavu: wanalala. Nirudi saa nane. Akashusha pazia.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilijiandaa kwa pingu. Nikatolewa nje na godoro langu, na lango likafungwa nyuma yangu, nikabaki barabarani katikati ya mchana, sina viza, sina tena robota, kwa kuwa godoro lililofumuka ni godoro tu. Ningeweza kurudi. Mama Shani alikuwa hajafika nyumbani bado, maharage yalikuwa yameshaungua lakini ugali ungewahi, na godoro lingesimama ukutani jioni ile kama halijawahi kutembea. Nililifikiria jambo hilo kwa dhati, sitaki kujifanya shujaa. Faini ilinijia baadaye, na maswali, na siku kadhaa kwenye chumba na wanawake wengine, na karatasi ya kuondoka, na miaka ya kutafuta njia ya kurudi kwa haki yangu na jina langu juu ya mlango wangu. Lakini yote hayo kwa wakati ule yalikuwa upande mwingine wa hizo saa mbili, na katika hizo saa mbili hakuna aliyekuwa amenishika. Nilitazama huku na huku. Mji mzima ulikuwa umelala. Wapagazi wamelala ndani ya mikokoteni yao miguu ikining'inia, dereva kalala kwenye usukani, muuza matunda kalala juu ya meza kati ya maganda. Hakuna aliyesimama. Wa kusimama nilikuwa mimi peke yangu.

Nikalikokota godoro mpaka kwenye kivuli cha ukuta wao, nikalilaza, nikaupiga piga mto wangu. Nililala kama ambavyo sikuwahi kulala mwaka ule, chali, mikono imetawanyika, bila kusikiliza ngazi. Aliyeniamsha ni yule mlinzi. Hakunigusa, aligonga godoro kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayebisha hodi, akaelekeza lango lililokuwa limefunguliwa na watu waliokuwa wameanza kuingia. Nikafuta mate shavuni, nikamwambia, kwa Kiswahili kwa kuwa hicho ndicho kilichokuja, anisubiri kidogo nitandue kitanda.